Nzi wa London na Nyuki wa Fratri: Juu ya Kutambua Wadudu Waliomo katika Kaharabu

Siku moja, katika kipindi cha elimu ya viumbe, fratri mmoja alileta darasani kito kimoja cha shanga, chenye rangi kama asali. Ndani yake kulikuwa na kidudu kimelala, mabawa yake wazi. Mjomba wake alikinunua kwa mchuuzi aliyemhakikishia kwamba ni kaharabu ya Ulaya, yenye miaka milioni nyingi. Siku ileile mwenzake akatoa mfukoni karatasi isiyo na jina la mwandishi, iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono parokiani kwao. Karatasi ile ilisimulia habari za nzi mmoja wa London aliyekutwa ndani ya kaharabu, ikamaliza hivi: nzi yule aliwadanganya watu wa elimu, basi yote wasemayo juu ya zamani za dunia ni uwongo.

Darasa likagawanyika. Wengine walishika kito, wengine walishika karatasi. Wote walisema kwa nguvu, wala hakuna aliyeuliza swali moja la kupima. Nikawaahidi kwamba nitachunguza yote mawili na kuandika. Ahadi ni deni, na leo ninalipa.

I. Tupatane kwanza juu ya maneno

Mti ukijeruhiwa, miti mingine hutoa ulimbo kusudi kufunga kidonda chake. Kila mtoto wa kijijini anajua kazi ya ulimbo: tunaupaka kwenye kijiti, ndege akitua ananaswa. Mti nao hunasa vivyo hivyo, bila kukusudia: sisimizi anayepanda, mbu anayepita, buibui anayewinda. Ulimbo mwingine unashuka na kuwafunika. Kiisha unaanguka, unafunikwa na udongo ao matope, na kwa miaka mingi sana mafuta yake mepesi yanatoka, sehemu zake zinashikana, unakuwa mgumu.

Kaharabu ni ulimbo uliokwisha kupita safari hiyo yote. Ndiyo ile tunayoisoma katika vitabu vya Kifaransa kwa jina la «ambre». Jina letu limetoka kwa Waajemi na Waarabu, na maana yake ni mnyang'anyi wa majani makavu, kwa sababu ukiisugua kwa kitambaa inavuta vipande vya majani. Wagiriki waliiita elektron, na kwa neno hilo tukapata elektrike ya leo. Msiichanganye na ambari, ambayo ni kitu cha manukato kitokacho tumboni mwa nyangumi.

Lakini ulimbo ambao haujamaliza safari una jina lingine: kopali. Watu wa pwani ya Mashariki huiita sandarusi. Katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini huko na kuuzwa kupitia Unguja. Katika Kongo yetu pia, zamani za Wabelgiji, watu wa misitu ya mabwawa ya Ekwateri waliitafuta matopeni, ikapakiwa katika meli kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Kopali yaweza kuwa na miaka michache ao maelfu ya miaka. Kaharabu ina mamilioni. Kwa macho matupu zinafanana kama mapacha, na wadudu wamo katika zote mbili. Mshike tofauti hiyo, kwani kesi yetu yote inasimama juu yake.

II. Habari ya nzi

Kaharabu iliyo maarufu kupita zote ni ya bahari ya Baltiki, hasa ile inayochimbwa karibu na Kaliningrad. Ina zaidi ya miaka milioni 34. Plinius Mrumi, katika karne ya kwanza, alikwisha kuandika kwamba ni ulimbo wa miti, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa ni wadudu wanaoonekana ndani yake. Wanafunzi wetu wa Kilatini wanaweza kujivunia jambo hilo.

Kipande kimoja kilichosemwa kuwa cha kaharabu hiyo kilikuwa zamani, katika karne ya 19, mikononi mwa Loew, Mjerumani aliyejua sana mambo ya nzi. Mwaka wa 1922 kikaingia katika makumbusho ya viumbe ya London. Ndani yake kulikuwa na nzi mmoja, mzima kabisa. Mwaka wa 1966 akaandika juu yake Willi Hennig, aliyezaliwa mwaka wa 1913 na kufa mwaka wa 1976. Huyu hakuwa mtu mdogo. Kitabu chake cha mwaka wa 1950 kiliwafundisha watu wa elimu njia mpya ya kupanga viumbe kwa ukoo, na hata leo wanaifuata. Kati ya wadudu wote, nzi na mbu ndio aliowajua zaidi.

Hennig akasema: nzi huyu ni Fannia scalaris. Jina hilo si la mdudu wa zamani. Ni la nzi anayeishi leo, anayejulikana sana katika vyoo vya nje. Ndiyo maana habari yake ikawa kubwa. Wadudu wa kaharabu ya Baltiki mara nyingi ni wa jenasi zilizo hai hata leo, lakini aina zenyewe karibu zote zimekwisha kutoweka. Mafratri waliosoma Lojika wanajua tofauti ya genus na species: jenasi yaweza kudumu ijapokuwa aina zake zinapokezana. Huyu nzi alionekana amekaa vilevile, aina ileile, tangu wakati ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani.

Miaka 27 ikapita. Mwaka wa 1993 Andrew Ross, kijana aliyefanya kazi katika makumbusho yaleyale, alikiweka kipande kile chini ya mikroskopi. Joto la taa likaonyesha ufa kando ya nzi. Alipochunguza zaidi, siri ikatoka: mtu fulani zamani alikata kaharabu ya kweli vipande viwili, akachimba shimo katika kipande kimoja, akalaza nzi ndani, akajaza kitu kama ulimbo, kiisha akagundisha vipande tena kwa ustadi mkubwa. Kaharabu ilikuwa ya kale, nzi ni wa karne ya 19 tu. Waingereza wakakumbuka fuvu la Piltdown, lililotangazwa mwaka wa 1912 kuwa la mtu wa kale na kufichuliwa mwaka wa 1953 kuwa la kughushi; wakamwita nzi huyu ndugu yake.

III. Kosa lilikuwa wapi?

Wengi wanaosimulia habari hii wanacheka na kupita. Sisi tusipite. Tuulize kwa uangalifu: Hennig alikosa nini?

Je, alikosa katika kumtambua nzi? Hapana. Nzi yule ni Fannia scalaris hata leo. Macho ya Hennig yaliona sawasawa: mishipa ya mabawa, manyoya ya miguu, sehemu za mwisho za tumbo ambazo kwazo nzi wa kiume wa aina mbalimbali hutofautiana. Jina lilikuwa la kweli. Kaburi ndilo lililokuwa la uwongo.

Hapo tunafika kwenye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Kutambua mdudu wa kaharabu si kazi moja, ni tatu. Sherti tuulize: Kidudu hiki ni nani? Kaburi lake ni la namna gani? Tena, nani alilitoa ardhini, fasi gani, na kwa mikono ya nani limefika kwetu? Mtu akijibu swali la kwanza kwa ustadi wa malaika, lakini akayapokea mawili mengine kwa kuamini tu, jibu lake halijakamilika. Fundi akijenga ukuta mzuri juu ya msingi ambao hakuuona, ukuta waweza kuwa mzuri na nyumba ikaanguka.

Kumtendea haki Hennig, sherti niseme neno moja ambalo karatasi ile ya parokiani haikulisema. Makala yake ya mwaka wa 1966, katika kichwa chake, ina alama ya kuuliza. Aliandika: aina iliyo hai leo, katika kaharabu ya Baltiki? Aliuliza. Bingwa yule aliona kwamba jambo ni zito, na hakuona haya kuuandika wasiwasi wake mbele ya watu wote. Ila alama ya kuuliza ni ndogo, na sifa ya bingwa ni kubwa. Nyuma yake wengine walichukua jina, wakaacha alama. Nzi akaanza kutembea vitabuni kama mfano wa aina isiyogeuka.

Basi hukumu yangu ni hii. Pale penye maelezo mawili, moja zito na jingine jepesi, sherti tupime lile jepesi kwanza, tena kwa nguvu zetu zote. Kusema kwamba aina moja ya nzi haikugeuka hata kidogo kwa miaka zaidi ya milioni 34 ni neno zito. Kusema kwamba nzi huyu hakufa zamani ni neno jepesi. Kufanana mno na nzi wa leo, ndiko kulikoonekana kuwa ajabu ya kipande kile, kulikuwa pia ushahidi dhidi yake. Tena alikuwa peke yake. Wanasheria wa kale walisema: testis unus, testis nullus, shahidi mmoja si shahidi. Walijua walichosema.

Sasa nigeukie karatasi. Mwandishi wake anasema: nzi mmoja ni wa uwongo, basi elimu yote ni uwongo. Ndugu zangu makatekista, msiichukue hoja hiyo mkaipeleka mbele ya wakristu. Ni mbovu kwa namna mbili. Kwanza, nani aliyefichua uwongo? Si adui wa elimu aliyetoka nje. Ni mtu wa makumbusho yenyewe, kwa mikroskopi ileile, kwa desturi ileile ya kurudi na kutazama tena. Mwandishi wa karatasi anatumia kazi ya Ross kusudi kuidharau kazi ya Ross. Pili, sokoni kwetu noti ya uwongo ikikamatwa, hakuna mama anayetupa fedha zake zote mtoni. Anajifunza kupima noti. Wadudu wa kaharabu wa kweli ni maelfu kwa maelfu, na mmoja wa kughushi hawezi kuwazika wote.

Kuna namna ya kupenda dini inayofurahia kila kosa la watu wa elimu, kama vile Mungu anatukuzwa kwa sababu Hennig alidanganywa. Mungu hahitaji msaada wa namna hiyo. Kijana wetu anayesikia hoja mbovu kinywani mwa katekista wake, siku atakapoijua kweli ataacha hoja, na pengine atamwacha katekista pamoja nayo. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kudanganywa na nzi.

IV. Sisimizi wa New Jersey

Kusudi tusibaki na mfano mbaya tu, tutazame mwingine wa mwaka uleule. Mwaka wa 1966, Marekani, katika jimbo la New Jersey, mzee mmoja na mke wake, waliopenda kuokota mawe, walipata kaharabu katika genge kando ya bahari huko Cliffwood. Umri wake ni kama miaka milioni 90. Ndani yake kulikuwa na sisimizi wawili. Wataalamu watatu, Wilson, Carpenter na Brown, wakawaeleza mwaka wa 1967 na kuwapa jina la Sphecomyrma freyi: neno la kwanza ni la Kigiriki, nyigu-sisimizi, la pili ni heshima kwa wale waliowaokota.

Kwa nini nyigu-sisimizi? Kwa sababu watu wa elimu walikwisha kufikiri kwamba sisimizi wametoka katika ukoo wa nyigu, na walikuwa wakingoja kuona mdudu wa katikati. Huyu alikuwa hivyo. Taya zake fupi zenye meno mawili tu zilikuwa za nyigu. Kiuno chake chenye kifundo kilikuwa cha sisimizi. Sehemu ya kwanza ya papasio lake ilikuwa fupi, ambapo kwa sisimizi wa leo ni ndefu. Wengine walibisha, wakasema huyu asihesabiwe pamoja na sisimizi wa kweli. Mabishano yalikuwa mema, kwani yalilazimisha kutafuta mashahidi wengine. Wakapatikana: katika kaharabu ya New Jersey tena, na katika ile ya nchi nyingine zenye tabaka za zamani zile. Mwaka wa 1997 Grimaldi na wenzake walieleza wengine wa New Jersey, na ile tezi ya ubavuni, ambayo ni alama ya sisimizi, ikaonekana.

Tulinganishe. Nzi wa London alitoka katika sanduku la mkusanyaji. Sisimizi wa New Jersey walitoka katika genge ambalo mtu angeweza kukuonyesha kwa kidole. Nzi alifanana mno na wa leo. Sisimizi walikuwa na alama za kale, zilizopatana na umri wa kaburi lao. Nzi alibaki peke yake. Sisimizi walipata ndugu. Kwa hiyo tofauti haikuwa katika akili ya mabingwa, kwani hata Hennig alikuwa bingwa. Tofauti ilikuwa katika majibu ya maswali yale matatu.

V. Kito cha fratri

Sasa turudi darasani. Tulikipima kito kwa vitu tulivyo navyo seminarini, na ninaeleza njia kusudi wengine waijaribu.

Swali la kwanza: kidudu ni nani? Hesabu miguu. Ikiwa ni minane, si mdudu hasa, ni buibui ao ndugu yake. Hapa ni sita. Hesabu mabawa. Nzi na mbu wana mawili tu, na nyuma yake vijiti viwili vyenye vichwa vidogo, vya kuwasaidia kusimama sawa angani. Hapa mabawa ni manne, na ya nyuma ni madogo. Tazama kiuno: ni chembamba. Tazama miguu ya nyuma: ni mipana, yenye kikapu cha kubebea mzigo. Tazama mishipa ya bawa la mbele: ni michache, mingine imefifia. Basi ni nyuki, tena wale wadogo wasiouma, ambao watoto wetu wanawafuata katika matundu ya miti kwa asali yao.

Kutazama kwenyewe kuna kazi. Kito cha mviringo kinapotosha sura kama glasi ya maji. Tulikitumbukiza katika mafuta meupe, na mpotosho ukapungua sana. Tulikigeuza pande zote, kwani mguu unaofichwa upande mmoja unaonekana upande mwingine. Wenye mashine kubwa wanafanya zaidi: huko Grenoble, Ufaransa, habari ya mwaka wa 2008 ilieleza jinsi walivyopitisha miali ya X yenye nguvu katika vipande 640 vya kaharabu isiyopenyeka kwa macho, kutoka Charente, wakaona viumbe 356 ambavyo hakuna jicho lililoviona mbele.

Swali la pili: kaburi ni la namna gani? Tuliyeyusha chumvi majini mpaka ikakataa kuyeyuka, tukatia kito. Kikaelea. Wanafunzi wakapiga makofi: kaharabu! Nikawazuia. Kioo kingezama, na plastiki nyingi zingezama. Lakini kopali nayo inaelea. Jaribio linajibu swali ulilouliza, si lile unalotamani lijibiwe. Tukatazama ndani kama kuna mstari wa gundi ao shimo lililojazwa, kama la nzi wa London. Hapakuwa. Nyuki mwenyewe alikuwa ameinama, bawa moja limekunjika kidogo, mapovu madogo yakitoka mwilini: alama za aliyenaswa hai na kupigania maisha yake. Wale wa kughushi mara nyingi wamelazwa vizuri mno, kama maiti iliyooshwa.

Kiisha tukachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ndani yake mna asetoni, tukatia tone moja kando ya tundu la uzi, fasi isiyoonekana. Baada ya muda kidogo nikamwambia mwenye kito aguse. Kidole chake kikanata. Kaharabu haifanyi hivyo. Ile ilikuwa kopali.

Darasa likanyamaza. Kijana wetu aliona haya kwa ajili ya mjomba wake, na mimi nilimhurumia. Lakini mmoja wa wenzake akasema neno jema: «Padri, kumbe sisi tumefanya kama Hennig. Nyuki ni nyuki kweli, ila kaburi si lile.» Nikaona kwamba somo limekwisha kueleweka pasipo mimi kulisema.

Tena jambo hilo lina sababu yake. Nyuki wadogo wale hukusanya ulimbo kujengea viota vyao. Kwa hiyo wananaswa mara nyingi kuliko wengine. Ndiyo maana wamo wengi katika kopali, wamo wengi pia katika kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, yenye miaka milioni 15 hadi 20, iliyotoka katika mti wa kale ulio ndugu wa karibu wa msandarusi wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Nyuki peke yake hakuambii umri. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Manchester walitoa habari ya vipande viwili vya kopali ya Kolombia, vyote vikiwa na nyuki wasiouma: kimoja hakikuzidi miaka 60 hivi, kingine kilipita miaka 10,000. Nyuki walikuwa wa ukoo mmoja. Makaburi yaliachana kwa maelfu ya miaka.

Hapo wanafunzi waliuliza juu ya ile filamu ya mwaka wa 1993, Jurassic Park, ambamo damu ya dinosari inatolewa tumboni mwa mbu aliyekaa katika kaharabu. Kama hadithi, inasisimua. Kama ushahidi, inashindwa katika swali la pili. Mgodi unaoonyeshwa ni wa Jamhuri ya Dominika, na dinosari walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, zamani sana mbele ya kaharabu ile kuanza. Ni kweli, mwaka uleule wa 1993 watu wa elimu walitangaza kwamba wamepata DNA, yaani maandiko ya urithi, katika mdudu wa kaharabu ya Lebanoni. Lakini mwaka wa 1997 wengine wa London, Ross akiwa mmoja wao, walirudia kazi ya namna hiyo kwa uangalifu na hawakupata kitu cha kale. Hata wale wa Manchester, katika kopali ambayo ni changa, hawakupata. Mara nyingi mdudu tunayemwona ni ganda lake tu. Sura imebaki, nyama imekwisha.

VI. Mikono iliyokitoa

Limebaki swali la tatu, nalo si la mikroskopi. Kito chetu kilichimbwa wapi, na nani? Mjomba hakuuliza, mchuuzi hakusema. Wengi wanaliona swali hilo kuwa la ziada. Mimi naliona kuwa la haki.

Kaharabu inayoleta majina mapya mengi siku hizi ni ile ya Kachin, kaskazini ya Myanmar, yenye miaka milioni 99 hivi. Wadudu wake ni wa ajabu. Lakini nchi ile ina vita, na mwaka wa 2017 jeshi liliteka eneo la machimbo ya kaharabu. Mwaka wa 2020 chama cha wataalamu wa mifupa ya kale kiliwaandikia wahariri wa majarida kuwaomba wasiendelee kupokea kazi juu ya vipande vipya vya huko, kwa sababu ya mambo hayo. Wengine walipinga, wakisema wachimbaji maskini wa huko watapoteza chakula chao. Sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa mabishano hayo. Tumeyasikia yote juu ya koltani yetu. Tunajua kwamba kitu chaweza kung'aa mezani Ulaya, na njia yake ikawa ya machozi. Anayeandika jina la kidudu na kuacha historia ya kaburi lake ameacha watu nje ya kitabu.

Wasomaji wapenzi, fratri wetu hakutupa kito chake. Alikifunga katika karatasi nyeupe, na juu yake akaandika kwa mkono wake: «Nyuki asiyeuma. Kopali. Mahali: hapajulikani. Umri: haujulikani.» Nilimwambia kwamba maandiko hayo manne ni bora kuliko yale yaliyosomwa London kwa miaka mingi, kwa sababu hayasemi neno moja kupita yale tuliyoyapima. Kiisha nikamwomba kitu kimoja zaidi: aende kwa mjomba wake likizo ijayo, asimcheke, akamuulize kwa upole ni nani aliyemuuzia, na fasi gani. Kazi ya kutambua bado haijakwisha.